Chai Iliyowekwa Sakafuni

Hamugembe, Jumapili mchana

Mwanangu Koku,

Kati ya sauti zote za Nairobi, nazo zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani mji mmoja unaweza kubeba, iliyobaki nami ni ndogo kuliko zote. Ni kikombe cha bati kikiwekwa kwenye saruji, nje ya mlango wetu, kabla hakujapambazuka. Kisha nyayo zinaondoka. Hata hapa Hamugembe nimeamka mara nyingi nikidhani nimeisikia, nikakaa kitandani nikitega sikio, kumbe ni mvua inadondoka kwenye migomba.

Umekwenda Kamachumu kumuaga bibi yako, na utarudi na basi la jioni. Kesho meli inaondoka. Nimekaa mezani na madaftari ya wanafunzi ambayo sijayasahihisha na leo sitayasahihisha. Mambo ya sweta, ya sabuni, ya kutompa mtu yeyote sanduku lako akushikie pale Kisumu, tumekwisha kuyasema mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Siyarudii. Ninaandika kwa sababu ya lile ulilosema juzi tukimenya ndizi. Ulidhani nimelipuuza kwa kuwa sikujibu.

Ulisema, "Sitamwamkia mpaka yeye anikaribishe kwanza. Na mama sitamwita."

Sikujibu kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema nikiwa na miaka kumi na tisa, moyoni, juu ya mwanamke huyohuyo, kabla hajawa mke wa baba yako. Nilihisi uchovu ambao sikuwa nao nilipoanza kumenya ndizi ile.

Kwanza nikuambie jambo ambalo labda wamekwisha kukutania nalo. Miaka yote hii nimesimama mbele ya darasa la saba nikifundisha kwamba elimu ya msingi imetosha kumjenga mtu, kwamba kijana akimaliza arudi kijijini na maarifa yake, na kwamba jembe si adhabu. Niliyaamini. Bado nayaamini, siku ambazo sijachoka. Lakini ulipokosa nafasi ya sekondari, na wasichana waliochaguliwa wilaya nzima ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja, sikungoja hata wiki ipite. Nilimwandikia baba yako akutafutie shule huko. Balozi wetu wa nyumba kumi alinikuta bombani akaniuliza, "Mwalimu, naona jembe limekuwa zito?" Nikamwambia ndiyo, waitu, limekuwa zito. Akacheka, nami nikacheka, kisha kila mtu akatazama ndoo yake. Watoto wake wawili nimewafundisha mimi. Wote wako shambani.

Kwa hiyo safari hii imekwisha kunigharimu kitu, na sitaki ikuharibikie mlangoni kama ilivyoniharibikia mimi.

Nilifika Nairobi asubuhi, wewe ukiwa mgongoni, hujaanza hata kutambaa. Wakenya walikuwa wamepata Uhuru wao majuzi tu. Bendera zilikuwa hazijapauka. Baba yako alikuwa karani wa reli, ametutangulia, na alitupokea stesheni akiwa amevaa koti ambalo sikulijua. Baridi ilinishangaza. Sisi tulikuwa tumeambiwa mji ni joto la watu. Nilitoka nje ya stesheni nikaona barabara pana kuliko kibanja cha babu yako na migomba yake yote, na watu wakitembea kama wanaokimbia mvua, na mvua haikuwapo. Miti ilikuwa imemwaga maua ya zambarau njiani, na hakuna aliyeyakwepa. Huku kwetu mtu akikupita bila kukuamkia, unajiuliza umemkosea nini. Pale walinipita mamia, na kwa kila mmoja nilijiuliza kidogo. Tulipofika nyumbani nilikuwa nimechoka kwa kujiuliza.

Usidhani nilipotea au niliogopa magari. Sikuogopa. Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka darasa la kumi na mbili, nilikuwa najua ramani ya mji ule kabla sijauona, na barabarani nilisoma kila kibao kilichoandikwa. Baba yako alinionyesha lifti kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Nilipanda, nikashuka, nikasema asante. Kondakta wa basi alinisikia nikiuliza njia kwa Kiswahili changu cha shule akawaambia abiria, "Huyu mama anaongea kama redio ya Dar es Salaam. Tungoje sasa atusomee habari." Basi zima lilicheka, na mimi niliketi wima kama msomaji wa habari kweli, nikatazama nje. Leo ningecheka nao. Wakati ule niliiweka kejeli ile moyoni pamoja na nyingine.

Kuna harufu moja nataka nikuambie, maana utakutana nayo. Katika mtaa mmoja wa maduka makubwa nilisimama ghafla, baba yako akanigonga mgongoni. Harufu ilikuwa inatoka mlangoni, nzito, ya kuungua na tamu, na sikuijua. Nikauliza ni nini. Baba yako akasema, "Kahawa." Mimi niliyezaliwa chini ya mibuni, niliyechuma na kuanika na kulinda kuku wasiparue mikeka, nilikuwa sijapata kuisikia kahawa ikikaangwa. Niliijua ikiwa mbichi, nyekundu, na ikichemshwa na majani yake ya harufu mpaka ikawa akamwani ya kutafuna. Ilipopita gatini sikujua inakwenda kuwa nini. Nilisimama pale mpaka mtu wa duka akatoka kutuangalia.

Sasa nifike kwenye chumba chetu. Tulikaa Muthurwa, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ndefu za chumba kimoja kimoja, mlango unatazamana na mlango, na katikati mfereji wa maji machafu. Siku ile ya kwanza majirani walikuja. Waliingia, wakakufunua kichwa, wakasema mtoto ni mzuri, wakatoka. Unajua mwenyewe jinsi ilivyo kwetu. Mgeni hata habari hawezi kuulizwa kabla hajawekewa kahawa kiganjani akatafuna. Asipopewa, anajua amefika mahali ambapo hakutarajiwa. Nami nilikaa juu ya sanduku langu nikingoja. Nilingoja siku ile, nikangoja na wiki ile. Bibi yako alikuwa amenifungia akamwani katika kikapu kidogo chenye kifuniko, cha kuwapa wageni nitakapokuwa na nyumba yangu. Kikapu kile kilikuwa ndani ya sanduku nililokalia. Haikunijia hata mara moja kufungua. Mimi ndiye mgeni, nilisema. Anayetoa ni mwenyeji.

Katika mlango uliotazamana na wetu alikaa Wairimu, pamoja na kaka yake aliyekuwa mchochea moto kwenye injini za treni. Alikuwa amenizidi miaka michache tu. Mwembamba, mwepesi wa mwendo, na maneno yake machache. Siku ya tatu au ya nne, kabla ya mapambazuko, ndipo nilipoisikia sauti ile. Nilipofungua mlango nikakuta kikombe cha bati cha bluu chenye ukingo mweupe, kimejaa chai ya maziwa, inatoa mvuke, kimewekwa sakafuni. Na mtu hayupo.

Nilikitazama muda mrefu. Kwetu chakula hutolewa kwa mikono miwili, mkononi mwa mtu, na mwanamke anayetoa amepiga magoti. Kinachowekwa chini mlangoni ni cha mbwa, au cha mtu ambaye hutaki akuguse. Sikuwa na njia nyingine ya kukielewa kikombe kile. Nilikimwaga kwenye mfereji wa mbele. Nikakiosha, kwa sababu nilifundishwa kuosha, nikakirudisha mlangoni pake. Nikakiweka chini, kama alivyokiweka.

Kesho yake kikarudi. Nikakimwaga. Kesho kutwa vilevile. Mfereji ule ulipita mbele ya milango yote, na maziwa hayajifichi kwenye maji. Aliyaona, na majirani waliyaona. Na bado kila alfajiri, tk, kwenye saruji, na nyayo zinaondoka.

Nilimwambia baba yako kwamba yule mwanamke ananidharau. Alikuwa anavua viatu, ametoka zamu. Alisema, "Hapa watu hawana muda," kama mtu anayefunga dirisha, akalala. Sikumlaumu sana hata wakati ule. Alikuwa amekaa mjini mpaka ameacha kuuona. Lakini mimi nilibaki peke yangu na tafsiri yangu, na nilikuwa mtu wa kuitunza tafsiri. Nilikuwa naandika mambo haya kichwani usiku na mchana, nikiyapanga, nikiyanyoosha, mpaka mji mzima ukawa umenikosea. Mtu aliyesoma ana hatari hiyo, Koku. Anaweza kuwa na sababu nzuri sana za jambo ambalo si kweli.

Tulikaa hivyo karibu mwaka mzima. Kisha ikaja habari kwamba bibi yako ni mgonjwa. Ilikuwa kweli, alikuwa mgonjwa. Ila niliposoma habari ile, kabla ya huzuni nilisikia nafuu, na hilo silisahau. Nilifunga sanduku siku hiyohiyo.

Baba yako alikuwa kazini, angetukuta stesheni. Wairimu alitoka mlangoni kwake, akalitazama sanduku, akaliinua akaliweka kichwani bila kuniuliza, akatangulia. Nilimfuata kwa hasira. Nilijiambia anafurahi kuniona ninaondoka, mpaka ananibebea mizigo. Pale stesheni, tumekwisha kuketi kwenye behewa, alikuja dirishani na kikombe kile cha bluu. Sijui aliipata wapi chai ya moto mahali pale. Safari hii hakukuwa na sakafu. Ilibidi anipe mkononi, nami nilikuwa nimekushika wewe, nikapokea kwa mkono mmoja. Treni ikatikisika. Nikataka kumrudishia, akarudi nyuma hatua moja akakataa kwa kichwa.

"Utanirudishia ukirudi," alisema.

Nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizopata kuniambia. Chai ile niliinywa. Behewa lilikuwa limejaa watu na hapakuwa na mahali pa kumwaga.

Bibi yako alipona kabla ya msimu wa senene. Sikurudi. Kila mwezi nilikuwa na sababu: wewe una homa, mvua ni kubwa, nimepata nafasi ya chuo cha ualimu. Zote zilikuwa kweli. Baba yako aliandika, kisha akaandika kwa nadra, kisha akawa anatuma salamu na vitu vyako tu. Hatukugombana. Ningependa kukuambia kwamba tuligombana, maana ugomvi mtu anaweza kuueleza.

Ulikuwa umeanza shule nilipojua. Mutalemwa, binamu wa baba yako ambaye naye yuko reli na alikaa safu ileile, alikuja likizo akaketi hapa uani akitafuna senene. Tulikuwa tunacheka habari za Muthurwa. Akasema, "Unamkumbuka yule Wairimu? Alikuwa anatoka alfajiri kwenda kupanga mboga sokoni. Akasema mke wa karani ana mtoto mchanga, asigongewe mlango, atamwamsha." Akatafuna senene mwingine. "Siku moja alimuuliza mumeo: mke wako haipendi chai yangu, au kuna kosa nimefanya? Mumeo akasema atakuuliza."

Hakuniuliza. Alisahau, au alikuwa amechoka. Nilimwambia Mutalemwa kwamba nakwenda kuangalia sufuria, nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kwenye migomba. Nilijaribu kukumbuka maziwa yale yote. Maziwa ambayo hakuna ng'ombe nyuma ya nyumba; ya kupanga foleni, ya mtu anayeuza mboga.

Haikupita muda mrefu tukasikia baba yako amemwoa. Usiniulize nani alianza lini. Nimejiuliza sana, na jibu lolote nililolichagua halikunisaidia kukulea.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba unamwendea mtu ambaye tayari ana historia nasi, na sehemu kubwa ya aibu ni yangu. Sikuambii kwamba ni malaika. Sijui ni mtu wa namna gani sasa. Miaka imepita, amezaa, amechoka kama mimi. Huenda atakuwa mkali. Huenda atakutuma sana, na huenda siku moja atakuambia neno juu yangu ambalo halitakupendeza. Ila Mutalemwa, alipokuwa hapa msimu huu, aliniambia jambo moja. Aliniambia Wairimu anakuogopa. Mahari yangu haikurudishwa, Koku, na kwa watu wa ukoo mimi ndiye mke wa nyumba ile mpaka leo. Yeye anajua. Anadhani unatumwa ukakae kwenye kiti changu na kutazama.

Kwa hiyo fikiria: wewe mlangoni unangoja akukaribishe, naye ndani anangoja aone umekuja na nini. Mnaweza kungoja hivyo mpaka umalize kidato cha nne. Mimi niliweza.

Sitakuamuru umwite mama. Jina hilo si shati la kuvalishwa. Lakini mwamkie. Ingia umwamkie wewe kwanza, kwa Kiswahili chako cha redio, hata kama amekupa mgongo na anakoroga sufuria. Akikuwekea kitu chini, kiokote ukile. Kuna watu wanaoweka chini kwa sababu mikono yao imejaa. Na mji wenyewe, usiusome haraka. Siku za kwanza utaona watu wanakupita bila salamu, na kila mmoja atakuuma kidogo. Acha wakupite. Wengine wanawahi tu mahali, na mmoja katikati yao labda ameacha kitu mlangoni kwa mtu.

Usijitahidi sana kuwa jasiri kesho gatini. Mimi sitajitahidi.

Limebaki moja. Jana asubuhi ulikitafuta kikombe chako cha uji, ukafungua kabati, ukatazama mpaka chini ya mtungi, kisha ukaniambia watoto wa jirani wamekichukua. Nilikupa bakuli. Hawakukichukua. Umekinywea tangu ulipoachishwa ziwa, na hukupata kuuliza kwa nini nyumba hii ina vikombe vya udongo na kimoja tu cha bati, cha bluu, chenye ukingo mweupe uliobanduka. Nilikiweka miaka yote hii kwa sababu aliniambia nikirudishe nikirudi. Maadamu kilikuwa hapa, mtu angeweza kusema kwamba bado sijaamua. Nilipenda kuwa mtu ambaye bado hajaamua.

Juzi usiku, baada ya yale maneno yako, nilikutazama umelala nikakishusha. Nilikisugua kwa majivu mpaka bluu ikarudi. Nikakijaza akamwani, ile aliyoichemsha bibi yako mwenyewe, nikafunika kwa jani la mgomba na kukifunga kitambaa. Jana jioni Mutalemwa alikuwa anarudi kazini, ametangulia meli moja mbele yako. Nilikwenda gatini, ukidhani nimekwenda kwenye mkutano wa walimu. Nilimwambia amkabidhi Wairimu mkononi, kwa mikono miwili, asithubutu kukiweka mahali. Na amweleze inavyofanywa: mtoto atakapofika mlangoni, kabla hajamuuliza habari ya safari, ammiminie kahawa kidogo kiganjani, maana kwetu anayetoa kahawa ndiye mwenye nyumba.

Mutalemwa ni mtu wa mzaha, lakini alikishika bila mzaha. Akaniuliza, "Nimwambie kwamba wewe utakuja lini?"

Nikasema, "Mwambie kikombe kimerudi."

Alipanda nacho. Nilibaki gatini mpaka meli ilipopita kisiwa, kisha nikaja nyumbani kukupikia.

Mama yako